Mbuzi huko Paisley

Karakana ya Eilidh Rennie zamani ilikuwa kituo cha zimamoto.
Humo magongo mawili ya hospitali yamekuwa mgongo wa kiti;
toroli la dukani, lililovuliwa mtoni na magugu yake,
limesimama kwa miguu ya kinanda.
Huchomelea usiku. Asubuhi hukikalia alichokiunda,
chai mkononi, akisikiliza:
kikilia, anakivunja.

Nilimpelekea mbuzi ya mama.
Huku nazi hutoka koponi, meno yameshika kutu.
Akaizunguka mara tatu.
“Umeiokota wapi?”
Haikuokotwa, nikasema. Imekaliwa.

Akapiga magoti, akapitisha kidole
pale ubao ulipobonyea:
paja la bibi, la mama,
langu kidogo tu.
Akazima mashine.

Nilitegemea mabawa, gurudumu, walau rangi.
Wiki ya pili akanirudishia vilevile,
ila meno yamenolewa,
na kikaratasi, kwa penseli ya seremala:
*Imekamilika. Sina la kuongeza.*

Jumamosi akaja na nazi moja, ya duka la Wahindi.
Akakaa mwenyewe, magoti huku na huku
kama mwendesha pikipiki,
akakuna kidole
kabla ya nazi.