Asilimia Thelathini

Asubuhi ya nne mfululizo, hata glavu sijavua,
imeniuliza tena: Sasisho liko tayari. Washa upya sasa?
Vibonye viwili tu, Sasa na Baadaye.
Nje, hapa Gyumri, theluji imepanda hadi kizingiti.
Ndani, mgonjwa wa saa tatu ameshika shavu
kama mtu aliyekabidhiwa yai la jirani.

Nikabofya Sasa. Ikazimika. Ikawaka.
Vitone vikazunguka.
Asilimia kumi. Asilimia thelathini.
Asilimia thelathini.
Asilimia thelathini.
Kisha, kwa adabu zote za mdaiwa sugu:
Imeshindikana. Tunarudisha kama ilivyokuwa.
Kisha: Sasisho liko tayari. Washa upya sasa?

Sijakaa bure. Nimefuta mafaili ya miaka,
pamoja na meno ya watu waliokwisha kuhama mji.
Nimechomoa printa. Nimechomoa hata kipanya,
nikabaki nimekishika mkononi, sijui nikiweke wapi.
Jioni naizima mpaka ukutani, naiacha ipumzike.
Daktari Shoghik anasema, "Vardush, ipe muda."
Muda! Ndicho kitu pekee inachokula.

Ijumaa akaja Seyran, mtoto wa fundi redio,
soksi zimelowa, chai hataki.
Hakugusa kibonye. Alikodolea pembe ya chini ya kioo,
pale penye tarakimu ndogo zisizosomwa na mtu.
"Leo tarehe ngapi?"
"Kumi na nne, Februari."
"Huyu anasema Januari mosi. Miaka kumi na tano nyuma."

Nani hutazama saa ya mashine
na ya ukutani ipo, inagonga?

"Sasisho huja na cheti," alisema, bisibisi mdomoni,
"kama maziwa na tarehe yake.
Anakisoma, anaona kimetolewa siku ambayo bado haijazaliwa.
Anakikataa. Lakini anajua analihitaji.
Basi anakuomba tena. Hana ujanja mwingine."

Akafungua ubavu. Vumbi likatoka bonge zima, kama paka wa kijivu.
Akachokoa kwa ukucha betri ya duara,
ndogo, saizi ya kifungo cha koti.
"Hii hufa bila kuaga. Ukikata umeme tu, anarudi mwanzo."

Nilijifanya kupanga kadi za wagonjwa.
Mama yangu, tangu tetemeko la Desemba ile,
alipanga viatu vyetu mlangoni kila usiku,
ncha zikitazama nje.
Tulimwambia, Mama, limepita.
Alisema ndiyo, wanangu, najua, ndiyo,
akainama akavipanga.
Nilipoolewa alikuja kwangu na mkate na chumvi,
na kabla ya kuketi akageuza viatu vya mume wangu.
Miaka ishirini na mbili. Tulidhani ni ukaidi.

"Betri mpya sina," Seyran akasema,
na duka lilikuwa limefungwa kwa theluji.
Akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo wa gari lake,
akaupasua katikati kama njugu, akatoa ya humo,
akaibana mahali pake. Ikalia: tik.
Akaniachia kiti. "Andika tarehe wewe."
Nikaandika. Siku, mwezi, mwaka. Vidole vilikuwa baridi.

Sasisho liko tayari. Washa upya sasa?

Mgonjwa wa shavu, ambaye wiki nzima amekuwa akiahirishwa,
akasimama nyuma yangu bila kualikwa.
Asilimia kumi. Ishirini.
Thelathini.
Shoghik akatoka na kifaa chake mkononi, kimewaka bado.
Thelathini.
Dirishani nilimwona Seyran akihangaika na mlango wa gari,
akiingiza ufunguo tundu, kizamani, akipuliza barafu,
akiupiga teke mdogo mdogo.

"Thelathini na moja," akasema mgonjwa,
na shavu lake lote lile, akacheka.