Risasi

Nilimwomba mama asitie udhu kwanza.
Maji yalale usiku kucha mferejini,
asiyaguse mtu.
Akanitazama kama ninayemkataza Mungu,
kisha akafungua chupa ya dukani,
akatawadha kwa matone ya kuhesabu,
akinung'unika kwa Kiunguja chake cha Vikokotoni
ambacho miaka hamsini ya Sohar haijakipunguza chumvi.

Mtaani kwetu tulikuwa na mtuhumiwa tayari:
dohani za bandarini, na taa zao nyekundu.
Upepo ukigeuka, nguo kambani hunuka kiberiti.
Shemsa wa jirani alisema chai yake ina ladha ya petroli.
Mjukuu wa Bi Ghaniya akitoka vipele, ni maji.
Kuku akifa, maji.

Nikajaza chupa za kioo cha kahawia
mpaka mdomoni, pasibaki kiputo,
maana tulivyovitafuta ni vyepesi kutoroka:
benzini, toluini,
majina yasiyokaa vizuri ulimini.
Kisha mbili za plastiki, kwa ajili ya metali:
moja ya maji ya kwanza,
moja baada ya kuyaacha yatiririke dakika tano
huku mama akisema, israfu, israfu hiyo.
Nikaandika: Jikoni. Maji ya kwanza. Mama.
Nikafuta Mama. Fomu haina nafasi yake.

Siku ya tisa Biju wa maabara alinipigia mwenyewe,
hakutuma karatasi.
Benzini, hamna. Toluini, hamna.
Halafu akataja kitu kimoja,
kwa Kiarabu chetu cha kuazimana kazini,
nami nikakisikia kwa lugha ya mama:
risasi.
Kwa Kiswahili neno hilo lina mlio.

Chupa ya pili, ile ya israfu, ilikuwa safi.
Basi sumu haikusafiri mbali.
Ilikuwa imekaa shibri moja juu ya kikombe,
katika bilula ya shaba
aliyoinunua baba Matrah
mwaka alioajiriwa, nyumba bado haina dari.
Mama huisugua kwa ndimu kila Alhamisi
mpaka unauona uso wako ndani yake, umevimba.

Sisemi dohani hazina lao.
Nasema hii si yao.
Hii ilitoka kwetu, kidogo kidogo,
alfajiri kwa alfajiri,
katika glasi ya kwanza,
ile aliyomezea baba vidonge vyake,
ile niliyopewa mimi kabla ya shule
nikaambiwa, kunywa, ya baridi hiyo.

Leo nimekuja na spana
na bilula ya chuma kisichoshika kutu, nyepesi, haina uso.
Maji nimeshayafunga kule nje.
Mama amesimama mlangoni na ndimu mkononi,
kumbe ni Alhamisi.
"Enhe," anauliza, "wamekiri, hao wa viwanda?"

Spana imeshashika.
Naizungusha. Inalia.