Nilichomwambia Ansima

Miezi mitatu tulisema: Mama amevuka Ruzizi kufuata vitenge.
Vitenge gani, Ansima, ambavyo hamkuona hata kimoja?
Alirudi na kilemba asichokivua hata usiku,
akinuka dawa, akizisukuma kando sambaza alizozipenda.

Mdogo wako Cirhuza akaacha kula sukari.
Nikamkuta nyuma ya nyumba akitubu peke yake:
ati aliiba vijiko viwili, ndipo Mama akaugua.
Hapo nikajua uongo wetu haukuwalinda;
uliwaacha gizani, mkimtafuta mkosaji.

Jana umeme ulikatika Kadutu nzima.
Tukakaa watatu kwa mshumaa, mvua ikipiga mabati,
na nikaitaja: kansa. Ya titi. Kwa jina lake.
Si adhabu. Haiambukizi.
Mwegemeeni, ila upande wa kulia, taratibu.
Haikuletwa na sukari, wala jirani, wala ndoto ya mtu.

Ukauliza swali moja, lile nililoliogopa tangu Pasaka.
Nilitaka kusema hapana.
Mdomo ulishafunguka kwa ile "ha".
Nikasema: sijui. Daktari naye hajui.
Nikijua, utajua siku hiyohiyo, si kesho yake.

Cirhuza yeye alitaka kujua kama nywele zitarudi zilezile.
Mama akacheka chumbani, kumbe yu macho,
akavua kilemba, akaita:
Njooni mguse.

Mkagusa. Wewe wa mwisho,
kwa vidole viwili,
kama mtu anayepima joto la uji.