Pishi Mbili

Saa kumi za alfajiri nishakanda.
Unga umefunikwa leso kando ya jiko,
na mpaka uumuke nina nusu saa
isiyodaiwa na mtu:
si mume, si wanafunzi wangojao mahamri na mbaazi,
si nyumba ya wageni kule Shela, vitanda kumi na vinne
na mashuka yasiyokwisha.

Nafuta mikono, natoa daftari la bibi.

Msidhani naanza alifu. Chuoni nilihitimu,
msahafu nausoma, harufi zake zimenyooka,
kila moja na irabu yake kichwani kama kofia.
Lakini bibi Mwana Rukiya aliandika Kiswahili
kwa wino wa haraka, kama mwenye sufuria motoni,
na nukta aliziona israfu.
Jino limesimama peke yake: be? te? nuni?
Ukikosea jino, umekosea neno.

Siku nyingine napata mstari.
Siku nyingine nusu ya neno.
Juzi Famau alishikwa na homa, sikupata kitu;
nililifungua tu, nikalifunga,
mkono usije ukasahau njia.

Shoga yangu Zena hunicheka:
"Mke wa miaka arubaini na saba,
wasomea cheo gani?"
Sijui, Zena. Nipe hilo chujio.

Wiki nzima nilikwama pahala pamoja:
*Mbele, pishi mbili, kwa Mwanatumu.*
Nilikwenda nao sokoni, nikavuka nao Shela,
nikitandika chumba cha saba najiuliza
ni mbele gani hii ipimwayo kwa pishi,
na Mwanatumu, alipewa au alikopeshwa?
Nusura nilie kwa uzuri wake.

Ni Famau, akitafuta soksi ya pili,
aliyechungulia begani:
"Mama, mbona watia nukta chini?
Jaribu mbili, juu."

*Mtele.*
Mchele, kwa kauli ya nyumbani kwetu.
Mchele, pishi mbili, na haujalipwa.

Nilicheka hata mahamri ya kwanza yakaungua,
tukayala wenyewe, meusi, na chai.

Ukurasa wa mwisho hauna deni.
Una R, ile ya Kizungu,
mara kumi na moja, kutoka juu hadi chini.
Ya kwanza imelala chali.
Ya kumi na moja bado imepinda kidogo.
Pembeni pana doa la samli, na alama ya kidole
chenye unga.