Sauti ya Tatu

Nilizinunua kwa dereva wa malori hapa Kutaisi,
spika mbili ndefu, zanifika kifuani,
nyeusi, kama majirani waliokuja msibani
wakakataa kuketi.

Nikazisimamisha upande wa dirisha,
nikavuta kiti katikati ya chumba, chini ya taa,
nikatia kanda ya jioni moja ya mavuno ya zabibu:
vijiko vinagongana,
mtu anakohoa,
kisha wimbo.

Sauti ya kwanza ikaja, ya Ushangi, nyembamba, kali.
Ya pili ikaja, ya baba, ikiizunguka ya kwanza
kama mzabibu na kijiti chake.
Ya tatu, ile ya chini, ambayo sisi huku tunaiita bani,
ya kaka yangu Badri,
mwaka wa kumi na moja sasa yuko udongoni,
haikuja.

Nikalaumu kanda. Nikalaumu spika:
umbo la nguzo, koo la kifaranga!
Nikalaumu amplifaya yangu, na hapo sikukosea sana.
Maneno iliyaweza, uzito haikuuweza.
Wimbo uliposhuka ilitoka jasho,
ikaziachia koni zicheze kama mlango usio na komeo:
noti imekwisha, zenyewe bado zinayumba.

Gocha wa karakana ya redio akaniazima yake,
nzito kama ndama. Tuliipandisha hadi orofa ya nne
tukipumzika kila kona, tukiitukana.
Hiyo ilijua kushika.
Ikisema nenda, koni zinakwenda;
ikisema basi, ni basi.
Kofi la mezani likawa kofi, si godoro lililoanguka.
Lakini Badri, bado.

Nikainuka kuchemsha chai, kanda ikiendelea,
na kule kwenye kona ya jiko,
mgongo wangu ulipogusa ukuta,
akanishika mbavu.
Badri. Mzima.
Chupa za mchuzi wa plamu zikitetemeka rafuni.
Nikarudi kitini: hayupo.
Nikaenda jikoni: yupo.
Mara saba, na chai ikakaukia motoni.

Gocha akapiga magoti na kipande cha chaki.
Sauti nzito ni ndefu, akasema, na chumba chako kifupi.
Mbio zake ni za sakafuni, ukingo ni huu ukuta:
inagonga, inarudi,
inakutana na nafsi yake njiani.
Pengine zinabebana, na kona inavimba.
Pengine moja inasukuma, moja inavuta,
na papo hapo wewe umeweka kiti.
Hesabu yake sifuri.

Akafuta vumbi magotini.
Na sifuri si kwamba hakuna mtu, Zaur.
Ni watu wawili kwenye kamba moja,
wote wana nguvu,
fundo halisogei.

Basi nikawa mtu wa shibiri.
Spika mbele shibiri moja, nyuma mbili,
alama ya chaki, alama nyingine,
sakafu ikawa daftari la mtoto mtoro.
Niliziba tundu zake za nyuma kwa soksi.
Niliiningʼiniza blanketi ya harusi ukutani;
ilimeza ncha za sauti ya Ushangi,
besi ikapita kama haikuiona.

Usiku wa tatu mlango ukabishwa.
Lamara wa chini, themanini na ushei,
sweta juu ya gauni la kulalia.
Nikaanza kuomba radhi.

"Usizime," akasema.
"Wiki mbili sasa Badri anaimba darini kwangu.
Peke yake.
Nimepanda kuuliza
wale wenzake wako wapi."

Nilikitoa kiti pale katikati,
nikakisukuma hadi ukutani, karibu na jiko.
Akaketi. Mimi nikasimama.
Nikarudisha kanda hadi mwanzo kabisa.
Vijiko.
Akainua kidole, wimbo haujaanza.

"Hicho kikohozi," akasema,
"ni chake."