Shingo ya Inzi

Mimi ni shingo.
Rispa ni mkia, Apondi ni mabawa,
na yule mgeni wa kutoka Ahero, jina bado sijalishika, ni gundi.
Mezani jiriwa nne zimeng'ata ndoana
kama meno ya mtu anayezuia kilio.

Chumba chetu kiko nyuma ya kinu cha kusaga, Nyamasaria.
Unga hupenya dirishani, ukatua juu ya manyoya,
nasi huupuliza polepole,
maana inzi mwenye unga hurudishwa.

Ndoana zatoka Japani.
Uzi, boksi limeandikwa Taiwani.
Manyoya ni ya jogoo wa Marekani
aliyefugwa, nasikia, kwa ajili ya shingo yake tu;
nyama yake haina mwenyewe.
Hapo tumefanana, mimi naye.
Kisumu imetoa nini?
Vidole.

Miaka kumi na mmoja: mizunguko sita, fundo, kata.
Mizunguko sita, fundo, kata.
Sijawahi kumaliza inzi hata mmoja peke yangu.

Mama naye alikuwa mtu wa nyuzi.
Kiwanda cha nguo, zamu ya usiku, pamba ya majirani zetu;
alisikia uzi ukikatika kabla mtambo haujasimama.
Kisha marobota ya mitumba yakashuka,
na shati la marehemu wa ng'ambo
likawa rahisi kuliko pamba ya jirani.
Mama akarudi nyumbani na mkasi mdogo mfukoni.
Sikuuliza kama alipewa au aliuchukua.
Ndio huu ninaokatia.

Mwenye oda alituma picha:
mto, mawe, theluji ukingoni,
mzee aliyevaa mabuti hadi kiunoni
amempakata samaki wa madoadoa kama mtoto aliyelala.
"Akishapigwa picha anamrudisha majini," Ogwang' akatueleza.
Tukanyamaza.
Apondi akauliza, "Sasa alimsumbulia nini?"
Tukacheka hadi mwenye kinu akagonga ukuta.

Inzi mmoja aliyekataliwa nilimpa mwanangu Odemba.
Akaenda naye Dunga, akaketi hadi giza.
Ngege hawakumtazama;
ziwa hili lataka mnyoo.
Akarudi na samaki wa barafu wa kununua,
katoni ina maandishi ya Kichina.
Tulimkaanga, tukamla na ugali.
Hakuwa na harufu ya mahali popote.

Jana Ogwang' alikuja na karatasi.
Kuna mji huko Tailandi, alisema,
wanafunga shingo kwa senti pungufu ya zetu.
Hakuongeza neno.
Alihesabu jiriwa, hakutuhesabu sisi.

Usiku nimemuwaza huyo mwanamke wa huko,
shingo mwenzangu.
Chumba chake kiko nyuma ya nini?
Hupuliza nini kabla hajakata?
Nilitaka kumchukia, nikashindwa pa kuanzia.

Leo nimefika kabla ya wenzangu.
Nimefunga inzi mzima,
mkia, mwili, mabawa, shingo, gundi.
Amepinda. Mkia umezidi, hata Rispa angemkataa.
Nimemchomeka ndani ya kola ya gauni,
ncha ikinigusa kila nikiinama,

kisha mlango ukalia,
na mimi nikawa shingo.