Atlasi ya Skuli

Jina la Shaame lilisomwa Jumatatu, barazani kwa sheha,
na kijana aliyefuturu kwetu mwaka jana.
Jumanne tukapigilia misumari dirisha la uani.
Leo Jumatano, chumba cha ndani, Jadida, Wete,
tumeitandaza dunia juu ya jamvi la karafuu
na kibatari tumekiweka katikati ya Bahari ya Hindi
ukurasa usijikunje.

Atlasi ni ya Mwanaidi.
Ina nchi ambazo hazipo tena,
na sisi tulio hai humo ni tone la wino, dogo kuliko kunguni.
Nikiliziba kwa ukucha
hakuna Wete, hakuna orodha, hakuna Shaame.

Shaame anasema: Shimoni.
Usiku mmoja, boti ya mashine, tumefika.
Namwambia karibu nako ni maradhi.
Kila alfajiri utasimama pwani kutafuta moshi wa jiko lako,
na anayekutaka hatahitaji hata pasipoti.

Maskati yupo ami yake, Seif,
mwenye duka la vipuri na kiyoyozi kila chumba.
Aliuliza kwenye simu, baada ya salamu ndefu,
taratibu, kama mtu anayechambua samaki:
"Na mkeo, kwao ni nani?"
Kwetu ni Kojani, ami.
Babu yangu ndiye aliyepalilia mikarafuu ya babu yako.
Simu ikakatika.
Labda salio.

Mize, dada yangu, yuko Denmaki mwaka wa sita.
Huko magharibi huadhiniwa saa kumi kasoro,
tena ndani ya simu, maana nje hakuna wa kuadhini.
Anasema wana swali moja wanaloligeuzageuza kama chapati:
Mlipigwa? Wapi? Mara ngapi? Tuonesheni.
Nikamtazama Shaame, mgongo wake mzima, laini,
mgongo wa mwalimu wa hesabu,
nikaona aibu kwa wazo lililonipitia.
Hofu haiachi kovu, Mize.
Akanyamaza, kisha akanong'ona kama wanamsikia:
"Na msije mkasema mlichagua.
Anayekimbia hachagui. Semeni mliangukia."

Basi tunachagua tutakapoangukia.

Mimi, mkiniuliza, nchi siijui kwa jina.
Nataka pahala ambapo muuza mkate
hatazami kwanza rangi ya kanga yangu.
Ambapo nikifiwa, watakuja wote
au hatakuja mtu,
lakini si nusu ya mtaa.
Hapa tuna visima viwili, maduka mawili,
na mwezi uliopita binti wa Hidaya kaachwa na mimba ya miezi saba
kwa sababu ya kura ya baba yake.
Nataka nchi isiyonijua.
Nikishasema hivyo koo linanikauka,
maana sijawahi kuishi siku moja bila kujulikana:
huyu mtoto wa nani, mke wa nani, kapika nini.

Mwanaidi kaleta rula.
"Shimoni milimita mbili," anasema. "Maskati sentimita tisa.
Denmaki haipimiki, iko ukurasa mwengine."

Bi Kaije, mama mkwe, anachambua makonyo pembeni,
hata kichwa hainui.
"Na mbuzi je, mwamwachia nani?"
Hakuna aliyemjibu,
na hilo ndilo pekee usiku ule lililokuwa na jibu.

Mafuta yanakwisha. Shaame kaweka kidole baharini,
hakipeleki huku wala kule.
Nje pikipiki inapita polepole mno,
sote tunaihesabu mpaka ipotee kwenye kona ya Limbani.

"Mama, nifunge?
Atlasi ya skuli hii. Jumatatu mwalimu anaitaka."

Nikampa gazeti kuukuu, nikamwambia:
ivike jalada, mwanangu,
isije ikachakaa.